Karatasi Safi, Kidevu Chenye Ndevu

Leo nina neno na kina mama na mabinti. Na kina baba msibadilishe stesheni, maana habari hii inaingia mpaka chumbani kwenu.

Kabla ya kukaa mbele ya kipaza sauti hiki nilifanya kazi ya maabara miaka mingi. Maabara yetu ilikuwa na dirisha dogo: mgonjwa anapitisha kikombe, sisi tunampitishia karatasi ya majibu. Siku moja alisimama pale binti wa miaka 22, kajitanda mtandio mpaka juu ya mdomo, na joto la siku hiyo lilikuwa la kupasua kichwa. Daktari alikuwa ameagiza apimwe testosteroni, ile homoni tunayoiita ya kiume. Nikamtoa damu, nikapima, majibu yakatoka ndani ya kiwango cha kawaida. Nikamwambia, tena kwa furaha, "Mwanangu, huna tatizo. Majibu safi."

Akaisoma ile karatasi, akaikunja mara nne. Halafu akauvuta mtandio chini kidogo, nikaona kidevu. Kilikuwa kimenyolewa asubuhi ile, kina vipele vya wembe, na chini ya ngozi unauona weusi wa nywele zinazosubiri kutoka. Akasema, "Sasa mama, kama sina tatizo, hizi zinatoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia arudi kwa daktari, akaondoka, na sikumwona tena. Swali lake aliniachia pale dirishani.

Jibu lipo, msikilizaji. Wanasayansi wamelitafuta kwa muda mrefu, na sehemu kubwa yake wameikuta kwenye kitu ambacho sote tunakimwaga bila kukitazama: mkojo.

Lakini kwanza tusafishe njia, maana kuna jina limetuponza. Dalili za binti yule, ndevu pamoja na hedhi iliyokuwa ikija inapotaka, ni dalili za hali inayoitwa sindromu ya ovari zenye vivimbe vingi. Wengi mnaijua kwa herufi zake, PCOS. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake 10 hadi 13 kati ya kila 100 walio katika umri wa kuzaa wanayo, na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nayo hawajui. Nenda kwenye shughuli yenye wanawake 200, wamependeza, wanacheza, wanatunza. Ishirini na kitu kati yao wanayo, na wengi wao hawana habari.

Sasa hilo neno uvimbe. Kwetu limebebeshwa mzigo mkubwa. Fibroidi ya kizazi ni uvimbe. Saratani ni uvimbe. Jipu ni uvimbe. Mwanamke anatoka kwenye altrasaundi, karatasi inasema ana vivimbe vingi kwenye ovari zote mbili. Anachokisikia yeye ni kisu. Akifika nyumbani, jirani anamweleza kuna mtu anauza dawa ya kuyeyusha uvimbe, chupa tatu tu na anapona. Fedha aliyopokea kwenye mchezo inaishia hapo. Miezi mitatu baadaye anarudi kupiga picha, vivimbe viko vilevile, na yeye anajiona amelaaniwa.

Vile si uvimbe. Ndani ya ovari kuna vifuko vidogo vyenye maji, kila kimoja kimebeba yai changa. Vinaanza kukua vingi kwa pamoja. Kwa kawaida kimoja kinavipita vingine, kinakomaa, kinapasuka na kuliachia yai. Kwa mwenye PCOS vinaanza safari vizuri, vinafika katikati, vinakwama. Kila kimoja kina kipenyo cha milimita 2 hadi 9: kilicho kidogo kabisa ni kama punje ya ulezi, kilicho kikubwa ni kama punje ya mahindi. Vinajipanga pembezoni mwa ovari kama shanga kwenye uzi. Kwa mashine za kisasa, mtaalamu akihesabu 20 au zaidi kwenye ovari moja, anaandika kwamba ni vingi. Ni mayai yaliyokwama njiani, basi. Hakuna kitu hapo cha kuyeyusha.

Uvimbe wa kweli wa ovari upo, sikatai. Upo wa maji unaokua sentimita kadhaa, upo wenye mafuta na nywele ndani yake, upo wa damu nzito unaotokana na endometriosisi. Huo ni mjadala mwingine na daktari mwingine, na ukipata maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa tumbo, pamoja na kutapika, nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kesho.

Jina lenyewe lilianzia Chicago. Mwaka 1935 madaktari wawili wa hospitali ya Michael Reese, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika habari za wanawake saba waliokosa hedhi. Waliwafungua tumbo wakakuta ovari kubwa, zenye ganda nene, zimejaa vifuko. Wakakata kipande cha kila ovari, mfano wa mtu anayetoa kipande cha tikiti. Wote saba walirudi kupata hedhi, na wawili wakashika mimba. Kazi yao ilikuwa kubwa kwa zama zao. Lakini waliita jambo kwa kile kilichoonekana kwa macho, na macho siku ile yaliona vifuko. Mwaka 2012 jopo lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilipendekeza jina hili libadilishwe, kwa sababu linawapeleka watu wasikotakiwa kwenda. Nakubaliana nao kwa moyo wote. Mwanamke anaweza kuwa na hali hii bila vivimbe hivyo, na anaweza kuwa na vivimbe hivyo bila kuwa na hali hii. Ndiyo maana madaktari hutafuta mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili au vipimo vya androjeni kuzidi, na ovari zenye vifuko vingi. Na kwa msichana ambaye hajafikisha miaka minane tangu avunje ungo, altrasaundi haitumiki kabisa kuamua, maana ovari za umri huo huwa na vifuko vingi hata akiwa mzima.

Hapo nimetaja androjeni. Hilo ndilo jina sahihi la zile tunazoita homoni za kiume, na nitalitumia hilo, kwa sababu binti akiambiwa ana homoni za kiume anadhani anageuka mwanamume. Kila mwanamke anazo, hata bibi yako alikuwa nazo alipokuwa akikupakata. Ovari inazitumia kama malighafi ya kutengenezea estrojeni. Taabu inaanza zinapozidi.

Sasa twende kwenye mkojo. Mpishi akiondoka, jiko linabaki na majivu. Mama yangu alikuwa akiingia jiko la mtu asubuhi, akayatazama majivu tu, atakuambia jana walipikia vifuu, kuni au mkaa, na kama moto ulikolezwa au ulilala. Homoni nayo ina majivu yake. Ikishafanya kazi, mwili unaivunjavunja, unaiosha kwenye ini na tishu nyingine, na mabaki yake yanatolewa kwa figo. Mabaki hayo yanaweza kusomwa. Anayejua kusoma atakuambia ni homoni gani iliwaka, wapi, na kwa nguvu kiasi gani.

Tena historia nzima ya androjeni ilianzia kwenye majivu hayo. Mwaka 1931 mwanakemia wa Kijerumani, Adolf Butenandt, alikusanyiwa mkojo wa polisi wa Berlin, lita zipatazo 15,000. Fikiria mapipa ya lita 200, yako 75, yamejaa. Akachuja, akachemsha, akasafisha, akarudia, mpaka akabaki na miligramu 15 za unga. Haifiki hata chumvi ya kunyunyizia yai moja la kuchemsha. Unga ule aliuita androsteroni. Testosteroni yenyewe haikuwa imepatikana bado. Ilikuja kutolewa kwenye korodani za fahali huko Amsterdam mwaka 1935, mwaka uleule ambao Stein na Leventhal walikuwa wakiandika Chicago. Yaani binadamu aliyajua mabaki kabla hajaijua homoni iliyoyaacha.

Turudi kwa binti yetu. Mimi nilimpima testosteroni ya damu, nikaona iko sawa, nikafunga kesi. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba testosteroni inatoka mahali pamoja na inamaliza kazi mahali pamoja. Sivyo. Kwa mwanamke, takriban robo inatoka kwenye ovari. Robo nyingine inatoka kwenye tezi adrenali, zile mbili zilizokaa juu ya figo kama kofia. Nusu iliyobaki haitoki kwenye tezi yoyote: inatengenezwa njiani, kwenye mafuta, ngozi na tishu nyingine, kutokana na homoni dhaifu inayoitwa androstenedioni ambayo ovari na adrenali zinaimwaga kwenye damu.

Na ikifika kwenye ngozi, hadithi inaendelea. Kwenye mzizi wa unywele kuna kimeng'enya kinachoitwa 5-alfa-riduktesi. Kinaichukua testosteroni na kuigeuza kuwa dihidrotestosteroni, ambayo ina nguvu zaidi. Hiyo ndiyo inayoubadilisha unywele laini, mwepesi, usioonekana, kuwa mnene na mweusi. Kazi hiyo inafanyika palepale kwenye ngozi, na dihidrotestosteroni inavunjwa palepale. Kwenye damu inarudi kidogo tu. Kwa hiyo wanawake wawili wanaweza kuwa na testosteroni ileile ya damu, mmoja ana kidevu laini, mwingine anaamka alfajiri kabla ya mumewe kwenda kung'oa nywele kwa kibano mbele ya kioo. Tofauti yao iko kwenye ngozi, na sindano yangu haikufika huko.

Mabaki ndiyo yaliyosema. Mwaka 1990 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa mwanasayansi Stewart na wenzake, waliosoma mabaki ya steroidi kwenye mkojo wa wanawake wenye PCOS. Njia yao ilikuwa ya kulinganisha. Homoni zikivunjwa na 5-alfa-riduktesi zinaacha androsteroni, ile ile ya Butenandt. Zikivunjwa na kimeng'enya kingine zinaacha ndugu yake anayeitwa etiokolanoloni. Ukiyapima yote mawili unajua ni mlango upi unatumika zaidi. Kwa wanawake wale, mlango wa 5-alfa ulikuwa wazi kuliko kawaida.

Na hapo wakaona jambo ambalo kila nikilifikiria nashangaa upya. Kimeng'enya hikihiki kinavunja pia kotisoli, homoni inayotusaidia mwili ukibanwa na shida. Kotisoli ikivunjwa haraka mno, ubongo unaona imepungua, unaiamuru tezi adrenali iongeze uzalishaji. Adrenali inatii. Lakini haiwezi kuongeza kotisoli bila kuongeza androjeni, maana zote zinapita kwenye njia moja ya uzalishaji. Kwa hiyo mwanamke ambaye anaambiwa shida yake iko kwenye mayai, huenda tezi iliyo juu ya figo nayo inakesha ikifanya kazi.

Mwaka 2017 adrenali ilisema wazi zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, wakiwemo Michael O'Reilly na Wiebke Arlt, walichunguza wanawake 114 wenye PCOS na kuwalinganisha na wasio nayo. Hawakupima testosteroni peke yake kama nilivyofanya mimi. Walipima na ukoo mwingine wa androjeni ambao vipimo vya kawaida haviuoni, ule ambao mwanzo wake ni adrenali. Mmoja wa ukoo huo anaitwa 11-ketotestosteroni. Kwa miaka mingi huyu alijulikana zaidi kwa wataalamu wa samaki, kwa sababu ndiye androjeni mkuu wa samaki dume wengi. Nani alidhani ana kazi kubwa kwa mwanamke? Kumbe kwenye seli zetu anawasha taa karibu sawasawa na testosteroni. Na kwa wanawake wale wa Birmingham, ukoo huo ulikuwa zaidi ya nusu ya androjeni zote walizokuwa nazo kwenye damu. Wanene na wembamba.

Zaidi ya nusu, msikilizaji. Mimi nilikuwa nikichungulia chumba kimoja cha nyumba, nakiona kitupu, natangaza kwamba nyumba haina mtu.

Ni nini kinachochochea yote haya? Kwa wengi wenye PCOS, insulini ina mkono wake. Insulini ni homoni ya kuingiza sukari kwenye seli. Seli zikiwa ngumu kuisikia, kongosho linaongeza sauti, insulini inajaa kwenye damu. Ovari inaisikia vizuri sana, nayo inaongeza androjeni. Ini linapunguza kutengeneza ile protini inayoishika testosteroni isizurure, kwa hiyo testosteroni iliyo huru inaongezeka hata kama jumla haijabadilika. Na kwenye mafuta ya mwili insulini inakichochea kimeng'enya kinachogeuza homoni dhaifu kuwa zenye nguvu. Androjeni zikizidi, mafuta nayo yanazidi kukataa kuisikia insulini. Mzunguko unajifunga. Ndiyo maana mwanamke mwenye hali hii yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kisukari, na ndiyo maana metifomini, dawa ya kisukari, inatumika pia kumsaidia. Na ndiyo maana naumia ninapomsikia mtu akimwambia binti, "Punguza kula tu." Kupunguza uzito kunasaidia kweli kwa aliyenenepa. Lakini mwili wake unasukumwa kuhifadhi mafuta na homoni zilezile anazopambana nazo, na wembamba wenye PCOS wako wengi.

Kwa hiyo, mwanangu wa siku ile, popote ulipo, jibu lako ni hili. Ndevu zako zinaweza kuwa zinatoka kwenye ovari, zikasaidiwa na adrenali, zikakolezwa kwenye mafuta, zikakamilishwa kwenye ngozi ya kidevu chako mwenyewe, na karatasi yangu ikabaki safi. Tena hata testosteroni yenyewe huenda sikuipima vizuri. Vipimo vingi vya kawaida vilitengenezwa vikiwalenga wanaume, ambao wana testosteroni nyingi. Kwa kiwango kidogo cha mwanamke, vinakosea. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023, ulioongozwa na Profesa Helena Teede wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, unazitaka maabara zitumie spektrometa, mashine inayoitambua kila molekuli kwa uzito wake. Mashine hiyo ni ghali, na huikuti kila mkoa. Ndiyo hali halisi. Lakini mwongozo huohuo unasema jambo ambalo halihitaji mashine: dalili za mwilini, kama ndevu, zinahesabiwa kuwa ushahidi wa androjeni kuzidi. Binti mwenye ndevu na hedhi isiyo na mpangilio anaweza kutambuliwa, baada ya maradhi mengine yanayofanana kuondolewa, hata kama karatasi ya testosteroni imetoka safi.

Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu najua kinachofuata binti akiambiwa hana kitu. Anakwenda kwa mganga, anaambiwa ana jini mahaba linamwonea wivu, ndiyo maana haolewi, ndiyo maana hashiki mimba. Au ameshaolewa, na mawifi wameanza kuhesabu miezi. Somo wake anamfukizia, kwa mapenzi yote. Na yeye moyoni anajua kuna kitu mwilini kinaendelea, maana anakiona kila asubuhi kwenye kioo, lakini hospitali imemwandikia kwamba hakipo. Sisi wa maabara tunaandika neno moja, na neno hilo linamfuata mtu nyumbani.

Kuna habari moja lazima niiseme, kwa sababu imeanza kuzunguka na inatuhusu sana huku kwetu. Juni 2024 jarida la Science lilichapisha utafiti kutoka Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai, ulioongozwa na Tang Qi-Qun. Waligundua kwamba dawa za jamii ya artemisinini zinapunguza androjeni kwenye ovari. Artemisinini ndiyo ile ya mmea wa pakanga, iliyompa Tu Youyou wa China tuzo ya Nobel mwaka 2015, na ndiyo msingi wa dawa ya mseto tunayomeza kutibu malaria. Wanasema inakisogeza kimeng'enya cha kwanza kabisa cha kutengeneza steroidi, kile kinachoanza kazi kutoka kwenye kolesteroli, karibu na protini nyingine inayokitafuna. Malighafi ikikatwa mwanzoni, androjeni zinapungua. Walianza na panya, kisha wakawapa wanawake 19 wenye PCOS dihidroartemisinini kwa wiki 12. Androjeni zilishuka, na 12 kati yao hedhi ikarudi kwenye mpangilio.

Nilipoisoma niliinuka kwenye kiti. Dihidroartemisinini ndiyo ambayo miili yetu inaipata kila tunapomeza mseto, maana artemetha iliyomo kwenye mseto ikiingia mwilini inageuzwa kuwa hiyohiyo. Imekuwa kwenye kabati zetu miaka yote hii.

Lakini tafadhali, nakusihi kama mzazi, usiende duka la dawa kununua mseto kwa ajili ya hedhi. Wanawake 19 ni wachache, na hawakulinganishwa na kundi lisilopewa dawa. Mseto unamezwa siku 3, wao walipewa wiki 12 huku wakiangaliwa na madaktari. Na kuna hili ambalo kwetu ni zito kuliko yote: vimelea vya malaria vyenye usugu wa kiasi kwa artemisinini vimeshaonekana Rwanda, Uganda, na hapa Tanzania mkoani Kagera. Tukianza kuimeza dawa hii ovyo, tutaipoteza, na watakaoilipia ni watoto wenye homa. Tusubiri majaribio makubwa.

Wakati tunasubiri, tiba zipo leo. Hedhi ikipotea zaidi ya miezi mitatu na huna mimba, usifurahie kwamba umeokoa gharama za pedi. Ukuta wa ndani wa kizazi unajijenga bila kusafishwa, na miaka ikienda hivyo hatari ya saratani ya ukuta huo inaongezeka. Daktari anaweza kukupa dawa ya kuirudisha. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili vinatuliza ovari na kupunguza nywele, ingawa nywele zinachukua miezi sita na zaidi kuonyesha mabadiliko. Anayetafuta mtoto ana letrozoli, ndiyo inayotangulizwa sasa katika kuamsha yai, na wengi wanapata watoto wao. Narudia hilo kwa mawifi wote wanaonisikiliza: wengi wanapata watoto wao.

Ukiamua kwenda, jiandae. Chukua daftari, andika tarehe za hedhi za mwaka mzima kadiri unavyokumbuka. Kama unameza vidonge vya uzazi wa mpango, mwambie daktari kabla hujatolewa damu, maana vinabadilisha majibu ya androjeni. Anaweza kutaka uviache miezi mitatu kwanza, na hapo mtapanga kinga nyingine. Omba upimwe sukari. Na kama nywele zimekuja kwa kasi ndani ya miezi michache, sauti nayo imekuwa nzito, usingoje zamu: kuna uvimbe wa nadra wa adrenali au ovari unaofanya hivyo, na huo unatafutwa haraka.

La mwisho ni la wembe. Tangu mwaka 1961 madaktari wana kipimo cha kuhesabu nywele, kilichowekwa na Ferriman na Gallwey huko London na kurekebishwa baadaye: sasa ni sehemu tisa za mwili, kuanzia juu ya mdomo na kidevuni mpaka mapajani, kila moja inapewa alama kutoka 0 hadi 4. Hakihitaji umeme wala kemikali. Kinahitaji nywele ziwepo. Binti yule alinyoa asubuhi ileile ya kuja hospitali, kama mtu anayefagia uwanja kabla mgeni hajafika, na sijui kama daktari wake aliwahi kukiona nilichokiona mimi dirishani. Kwa hiyo siku kadhaa kabla ya kwenda, usinyoe. Usivute kwa uzi, usipake dawa ya kutoa nywele. Jitande mtandio wako mpaka kwenye chumba cha daktari, na mlango ukishafungwa, ushushe.